Sauti ya Mama Ilipotea Wapi?

Jinsi ya kuunganisha simu, redio au kinanda cha stereo kwenye amplifaya ya gitaa

Mwezi huu nimeombwa niandike jambo la kuwasaidia vijana wa kwaya na wa muziki, maana kila wiki kuna mmoja ananisimamisha njiani kuniuliza habari za waya na amplifaya. Nimekubali. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo lilimfanya kijana mmoja aitwe mwongo mbele ya watu kwenye matanga, naye hakuwa na hatia hata kidogo.

YALIYOTOKEA KAMPALA

Wakati wa likizo nilipanda basi Mbarara nikaenda Kampala kuhani msiba. Mama mmoja wa kwetu, aliyeimba nasi kwaya hapa kambini kabla familia yake haijahamia mjini, alikuwa amefariki. Ameacha mume na watoto wanne. Wanakaa Nsambya, chumba kimoja na kibaraza, na matanga yalikuwa uani chini ya turubai. Mnajua maisha ya mjini yalivyo. Huko mtu hapangi mstari wa posho, kila mmoja anajitafutia. Kwa hiyo watu walichanga kidogo kidogo, huyu mkaa, huyu unga, huyu viti vya kukodi.

Mume wa marehemu alikuwa na ombi moja tu. Zamani, kabla ya kukimbia, mke wake alirekodi wimbo studio, Bukavu. Yeye mwenyewe ndiye anayeongoza, na nyuma yake kuna magitaa mawili, besi na ngoma. Picha zao za harusi zote ziliungua pamoja na nyumba. Lakini wimbo ulipona, maana mama aliuweka kwenye kadi ndogo ya simu na kadi akaishonea kwenye pindo la kitenge. Basi baba akasema: "Usiku wa leo nataka watu wamsikie."

Kadi alipewa kijana mmoja, mtoto wa dada ya marehemu, aiweke kwenye simu yake. Spika ya simu hiyo ilikufa zamani, kijana anasikilizia hedifoni. Kwa sauti kubwa tulipata kitu kimoja tu: amplifaya ya gitaa ya jirani, ile ndogo ya kubeba mkononi, yenye tundu moja kubwa la kuchomekea gitaa.

Mimi nikasema, msijali, waya nitautengeneza. Si nilisoma fizikia sekondari? Nikachukua ile hedifoni ya kijana, hedifoni yake moja tu, nikaikata. Ndani nikakuta nyuzi nyembamba: nyekundu, kijani, na zile za rangi ya shaba. Jeki ya gitaa ina sehemu mbili tu za kufungia waya. Mimi nina rangi tatu, nafasi ni mbili. Nikajiambia: nyekundu ni kulia, kijani ni kushoto, hizo ndizo zenye sauti. Hiyo ya shaba itakuwa ni ya kujaza tu. Nikachoma rangi kwa kiberiti, nikafunga nyekundu huku na kijani kule, ya shaba nikaikunja nikaiacha nje. Nikazungusha selotepu. Kazi imekwisha.

Saa tatu usiku watu wamejaa. Kijana akabonyeza. Magitaa yakalia, lakini kwa mbali, kama yako ndani ya pipa. Tukangoja mwimbaji aingie. Hakuingia. Palikuwa na mwangwi mwembamba tu, kama mtu anaimba nyumba ya tatu kutoka hapo. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu ameondoka na sauti yake. Watoto wakaogopa.

Baba akasimama. "Huu siyo wimbo wake. Yeye ndiye anayeongoza. Mmemtoa."

Hapo mtu mmoja akakumbuka kwamba vijana wa siku hizi wana programu za kompyuta za kufuta sauti ya mwimbaji ili wao waimbe juu yake. Macho yote yakamgeukia yule kijana. Akaapa kwamba hakugusa kitu. Akasema: "Sikilizeni kwa hedifoni, mtamsikia shangazi." Hedifoni ipi? Mimi nimeikata. Maneno yakawa makali, halafu umeme ukakatika, watu wakatawanyika na hasira zao. Kijana alilala nje kibarazani. Mimi nilikaa kimya, maana kwa kweli sikujua. Niliamini waya wangu.

MAELEZO YA FUNDI WA KATWE

Asubuhi nilimchukua kijana pamoja na simu na waya, tukashuka Katwe kwa fundi mmoja mzee wa redio, Mkongomani mwenzetu aliyeingia mji huu zamani. Sikumwonyesha waya kwanza. Nilimsimulia tu.

"Mwalimu, magitaa yanasikika?" akauliza.

"Ndiyo, Papa."

"Na mwimbaji?"

"Hayupo."

"Na besi je?"

Nikafikiri kidogo. Kumbe ni kweli, hata besi ilikuwa haipo. Nikamwambia. Akacheka.

"Basi sijaona waya wako, lakini najua ulivyoufunga. Umeacha ethi nje."

Alichukua simu, akachomeka hedifoni ya dukani kwake, akampa kijana sikio moja na mimi sikio lingine. Mama akaimba. Sauti nzima, safi, kama alivyokuwa. Kijana alilia pale pale dukani. Mimi nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza hapa.

Sasa wasomaji, nawaeleza alivyotueleza fundi, halafu nitarudi kwenye matanga.

STEREO NI NINI, MONO NI NINI

Sauti ya mono ni njia moja. Gitaa la umeme linatoa njia moja, kwa hiyo amplifaya ya gitaa imetengenezwa kupokea njia moja. Leo Fender, Mmarekani ambaye amplifaya zake zilienea dunia nzima, alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938 huko California, na mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Amplifaya ya gitaa ilizaliwa mikononi mwa mafundi wa namna hiyo, kwa kazi hiyo moja.

Sauti ya stereo ni njia mbili, kushoto na kulia. Aliyeifikiria vizuri ni Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, aliyeomba hati ya ugunduzi wake Desemba 1931. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakereka kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa kitambaa na sauti yake inatoka upande mwingine. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958.

Ukisikiliza rumba ya kwetu kwa hedifoni nzuri utaelewa haraka. Katika nyimbo nyingi zilizorekodiwa kwa stereo, gitaa moja, tuseme la solo, limewekwa zaidi kushoto, na la ritimu au mi-solo limewekwa zaidi kulia, ili yasigongane. Rumba hiyo ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, na uzuri wake mmoja ni huo wa magitaa kuongea, hili linauliza, lile linajibu. Lakini mwimbaji anayeongoza kwa kawaida anawekwa katikati. Besi pia katikati, na ngoma kubwa katikati. Na katikati maana yake nini? Maana yake sauti hiyo iko kushoto na kulia kwa kipimo kile kile.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la saba. Mwimbaji tumwite M. Gitaa la kwanza ni A, la pili ni B.

Waya wa kushoto una: A + M
Waya wa kulia una: B + M

Amplifaya inasikia tofauti iliyopo kati ya ncha ya jeki na shina lake. Ukifunga kushoto kwenye ncha, na ethi kwenye shina, inasikia kushoto kamili. Lakini mimi nilifunga kushoto kwenye ncha na kulia kwenye shina. Kwa hiyo amplifaya ikatoa kimoja kutoka kwa kingine:

(A + M) – (B + M) = A – B

M imekufa. Mwimbaji ameondolewa na hesabu, siyo na kijana. Magitaa yanabaki kwa sababu hayafanani. Na ule mwangwi tuliousikia, ule uliomwogopesha mzee, ni mwangwi ambao studio huongeza kwenye sauti ya mwimbaji na kuutandaza kushoto na kulia bila kufanana. Kwa sababu haufanani, haukufutika. Fundi akaniambia: "Nani anafundisha hesabu hapa, mimi au wewe?"

Basi ule waya wa shaba niliouona ni wa kujaza tu ndiyo njia ambayo sauti zote mbili zinarudia. Bila huo, kushoto na kulia zinapigana, na kinachokufa ni kile walichokuwa nacho pamoja.

KWA NINI USIFUNGE WAYA ZOTE MBILI PAMOJA

Mtu atasema, rahisi basi, nafunga kushoto na kulia pamoja kwenye ncha, na ethi kwenye shina. Ukifanya hivyo mwimbaji atasikika, ndiyo. Lakini ndani ya simu au kinanda kuna vijisehemu viwili vinavyosukuma sauti, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Ukivifunga pamoja bila kitu katikati, vinaanza kusukumana vyenyewe kwa vyenyewe, kama watu wawili wameshika usukani mmoja wa boda boda. Sauti inakwaruza, na siku moja tundu la simu linaweza kuharibika. Simu kwa familia nyingi hapa ndiyo benki na ndiyo barua, usiicheze.

Dawa ni rezista mbili, moja kwa kila upande. Rezista inamzuia kila mmoja asimsukume mwenzake kwa nguvu, lakini sauti inapita vizuri tu. Rezista hizo mbili tulizonunua mjini hazikufika bei ya rolex moja.

NAMNA YA KUTENGENEZA WAYA

Vitu vinavyohitajika:

- Jeki ndogo ya milimita 3.5 yenye sehemu tatu (ncha, pete, shina). Hiyo ni ya simu au redio.
- Jeki kubwa ya gitaa, milimita 6.35, yenye sehemu mbili (ncha na shina).
- Waya wa sauti wenye nyuzi mbili zilizovikwa plastiki ndani na wavu wa shaba kuzizunguka. Waya wa hedifoni ni mwembamba mno, unakatika upesi.
- Rezista mbili za ohm 1,000. Mafundi wanaita 1K. Mistari yake ni kahawia, nyeusi, nyekundu, halafu dhahabu.
- Lehemu, chuma cha kulehemu, na selotepu ya umeme.

Kazi yenyewe:

1. Kwenye jeki ndogo, lehemu uzi mmoja kwenye ncha (ndiyo kushoto), uzi wa pili kwenye pete (ndiyo kulia), na wavu wa shaba kwenye shina.

2. Upande wa pili, lehemu rezista moja kwenye uzi wa kushoto, na rezista nyingine kwenye uzi wa kulia.

3. Miguu ya rezista iliyobaki, yote miwili, iunganishe pamoja na uilehemu kwenye ncha ya jeki kubwa.

4. Wavu wa shaba ulehemu kwenye shina la jeki kubwa. Huu ndio niliousahau. Usiusahau.

5. Funika kila kiungo kwa selotepu, kisigusane na kingine, halafu ndipo ufunge kofia ya jeki.

6. Kama kuna mita ya fundi, pima kabla ya kuchomeka popote. Kutoka ncha ndogo hadi ncha kubwa isome kama 1,000. Kutoka pete hadi ncha kubwa, pia kama 1,000. Shina hadi shina, karibu na sifuri. Ncha kubwa na shina lake zisiwe zimegusana kabisa.

Kwa waya huu hesabu inakuwa ya kujumlisha. Mwimbaji anabaki mzima, magitaa yanashuka kidogo tu. Hakuna anayefutwa.

KAMA HUNA PESA YA KUNUNUA KITU

Kwanza, angalia amplifaya yenyewe. Nyingine zina tundu dogo limeandikwa AUX IN au CD IN. Hilo limewekwa kwa ajili ya simu na redio, na kwa kawaida linajumlisha lenyewe. Tumia hilo, uache tundu la gitaa.

Pili, kama ni kinanda, tazama nyuma. Vinanda vingi vina matundu mawili, R na L/MONO. Chomeka waya wa kawaida wa gitaa kwenye L/MONO peke yake, na R uliache wazi. Kinanda chenyewe kitajumlisha pande zote mbili. Vile vidogo vya nyumbani vyenye tundu la hedifoni tu, hivyo ni kama simu, vinataka waya wenye rezista.

Tatu, simu nyingi za kisasa zina sehemu ya mipangilio ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya wenye shida ya kusikia sikio moja. Humo kuna "sauti ya mono". Ukiiwasha, kushoto na kulia zinabeba wimbo mzima. Hapo waya wa upande mmoja pamoja na ethi unatosha, na uzi wa upande wa pili uufunike vizuri usiguse kitu.

Tena hiyo mono ya simu ni kipimo kizuri cha waya mbovu. Iwashe, piga wimbo. Kama kila kitu kinanyamaza, hata magitaa, basi waya wako una kosa kama langu: kushoto imefungwa dhidi ya kulia.

DALILI NA UGONJWA WAKE

Magitaa yapo, mwimbaji na besi hawapo: ethi haikufungwa, au imekatika ndani ya waya. Hii inatokea hata kwa waya wa dukani uliozeeka, hasa pale karibu na jeki unapokunjwa kila siku.

Mwimbaji yupo, lakini gitaa moja halisikiki: unasikia upande mmoja tu. Mara nyingi ni kwa sababu umetumia adapta ya stereo yenye sehemu tatu kwenye tundu la gitaa la sehemu mbili. Upande wa kulia unagusana na ethi na kuzimwa. Usiuache hivyo muda mrefu.

Mvumo mkubwa, mmm, hata kabla wimbo haujaanza: wavu wa shaba haukushika vizuri upande wa amplifaya.

Sauti inakwaruza na kupasuka: nguvu imezidi. Gitaa linatoa umeme mdogo sana, simu inaweza kutoa mkubwa zaidi. Anza amplifaya ikiwa sifuri, simu nusu, halafu panda polepole. Tumia njia safi, siyo ile ya kukwaruza magitaa ya roki.

Wimbo umefifia, hauna vile vyuma vya juu vya ngoma: huo siyo ugonjwa. Spika ya gitaa haipandi sana. Sikio la kijana linasikia mpaka karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, lakini spika nyingi za gitaa zinaanza kuchoka zikipita 5,000 hivi. Kwa sauti ya mtu inatosha. Kwa besi nzito ya kinanda kwa nguvu nyingi, hapana, utaichana spika ya watu.

USALAMA WA WATOTO NA WAKUBWA

Tuliotoka Kongo tumezoea plagi ya pini mbili za mviringo. Uganda matundu ni ya pini tatu bapa. Wengi wetu tunachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Tafadhali, acheni. Adapta nzima inauzwa rahisi, na mtoto anayekuona leo kesho atachomeka msumari. Na kama amplifaya ina pini tatu, usikate ile ya ethi eti kwa sababu inaleta mvumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mpiga gitaa mwenye jasho na mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma.

Jambo lingine: usichukue waya za spika za redio au za amplifaya nyingine ukazipeleka kwenye tundu la gitaa. Hizo zina nguvu ya kusukuma spika, zitaunguza. Chukua sauti kwenye tundu la hedifoni au lile lililoandikwa LINE OUT.

USIKU WA MWISHO

Tulitoka Katwe mchana tukiwa na waya mpya, fundi ametulehemea mwenyewe na hakutaka malipo ya kazi, alichukua pesa ya vitu tu. Lakini mimi nilikuwa na deni ambalo fundi hawezi kulehemu.

Watu walipokusanyika jioni, kabla ya kuwasha kitu chochote, niliomba nafasi. Niliwaambia: "Jana mlimlaumu kijana huyu. Hakufuta kitu. Waya niliutengeneza mimi, na kosa ni langu." Nikawaonyesha ule wa zamani, na ule uzi wa shaba uliokunjwa nje. Niliandika ile hesabu kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, A na B na M, mpaka hata mabibi wakaielewa. Yule aliyesema habari za programu za kompyuta alinyanyuka, akaenda kumshika kijana mkono. Mzee wa mwangwi alisema tu, "Kumbe."

Halafu kijana mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Magitaa yakaanza, na mahali pake pale pale mama akaingia.

Sitasema mengi. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Rudia." Tukarudia. Akasema tena, "Rudia." Mtoto wao wa mwisho alitoka mkekani, akaenda akaweka kiganja kwenye kitambaa cha spika, akakiacha hapo wimbo mzima. Hakuna aliyemwondoa.

Kesho yake, kabla sijapanda basi, tulinakili wimbo kwenye simu tatu tofauti na kwenye flashi moja, ili usitegemee kadi ndogo tena. Hilo nawaomba nanyi mlifanye. Kama mna sauti ya mtu wenu mahali, iwekeni zaidi ya sehemu moja, na kwenye simu za watu zaidi ya mmoja.

KAZI YA NYUMBANI KWA FAMILIA

Watoto, chukueni wimbo wowote wenye magitaa mawili. Sikilizeni kwa hedifoni, kwanza sikio la kushoto peke yake, halafu la kulia peke yake. Andikeni nini kiko kushoto, nini kiko kulia, na nini kiko pande zote mbili. Kile kilichoko pande zote mbili ndicho M yenu. Mleteni daftari darasani, tutafanya hesabu pamoja.

Vijana wa kwaya, kabla ya sherehe yoyote, harusi au msiba, jaribuni waya mchana, siyo usiku watu wamekaa. Pigeni wimbo ambao mnaujua vizuri. Mwimbaji akikosekana, msimtafute mwizi. Angalieni ethi kwanza.

Yule kijana tunaongea vizuri sasa. Siku naondoka aliniambia: "Mwalimu, lakini hedifoni yangu utanunua." Nimenunua.

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea